Barua kwa Mhariri: Msituambie tutupe kompyuta zetu, siku hizi hata gemu zinachezeka kwenye Linux

Mhariri,

Asalaam aleikum na poleni na kazi. Mie ni msomaji wenu wa miaka mingi hapa Tanga, gazeti nalisoma kijiweni na kikombe cha kahawa kabla sijafungua banda langu la gemu huku Ngamiani, na sijawahi kuandika barua gazetini hata siku moja, lakini ile makala mliyotoa kwenye ukurasa wa teknolojia imenikaa rohoni siku tatu nzima nikaona bora niandike tu, mkiitoa mtakuwa mmenifanyia hisani kubwa.

Makala ilisema Windows 10 imeachwa na wenyewe tangu Oktoba 14, 2025, haipati tena apdeti za usalama, na kompyuta ambayo haiwezi kupanda kwenda Windows 11 ndiyo imefika mwisho wake, kwaiyo mwenye nayo aanze kujichanga anunue mpya. Hapo mwanzo mpo sawa kabisa, tarehe ndiyo hiyo, na watu binafsi waliojiandikisha walipewa mwaka mmoja wa nyongeza. Ila hilo la kufika mwisho ndilo linaloniuma. Mie nina CPU nane bandani, zote za mtumba, prosesa zake Intel za jenereshoni ya 6 na ya 7, na Windows 11 inataka kuanzia ya 8 pamoja na kile kichipu cha usalama cha TPM 2.0. Kwa hesabu ya makala yenu mie sina mali pale, nina vyuma chakavu vya kupeleka kwa wanaopima kilo. Na wakati naandika hii barua watoto wanne wanashindana magari kwenye mashine hizohizo, ndani nimeziwekea Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na kelele zao nazisikia mpaka huku uani.

Naomba nieleze nilivyofika hapa, maana sikuzaliwa nalijua hili jambo, na nililikataa mara moja kabla ya kulikubali.

Mara ya kwanza kuiona Linux ilikuwa mwaka 2009. Enzi hizo watu wa Ubuntu, moja ya aina za Linux, walikuwa wanatuma CD bure dunia nzima kwa posta, wewe unajaza jina na sanduku lako kwenye intaneti kafe alafu unasubiri. Nilisubiri wiki nyingi mpaka nikasahau, siku nimeenda posta kufuata barua ya mjomba nikapewa na bahasha nyingine ndani ina CD mbili. Aliyeanzisha Ubuntu ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004, na jina lenyewe ukilitamka tu Mswahili unalitambua maana shina lake ndilo hilohilo la utu. Nikainstoli. Nikaipenda kwelikweli, intaneti ikashika, nyimbo zikapiga, lakini nilipotaka kucheza gemu zangu zote zikagoma. Kulikuwa na programu inaitwa Wine ambayo kazi yake ni kufanya programu za Windows zikubali kwenye Linux, nikahangaika nayo siku mbili, gemu inafunguka sauti inatoka picha nyeusi, nikachoka nikarudi Windows na ile CD nikampa mtu.

Miaka ikapita nikafungua banda. CPU nilinunua duka moja Dar, zikaja na Windows tayari imeshawekwa na gemu tayari zimeshawekwa, zote kraki, yani zimevunjwa kufuli zitumike bila kulipiwa, na mie wakati ule sikuliona hilo kama tatizo kwa sababu kila banda nililowahi kuingia toka utoto lilikuwa hivyohivyo. Baada ya miezi miwili mashine zikaanza kuwa nzito. Ukiwasha unaweza kwenda kununua vitumbua ukarudi bado inazunguka. Nikaweka antivairasi ya bure ikawa inapiga kelele kila dakika, faili inalolilalamikia ni lilelile la kraki la kufungulia gemu, ukilifuta gemu haifunguki, ukiliacha mashine inaumwa. Nimeishi hivyo zaidi ya mwaka.

Sasa siku moja akaja mwalimu, jirani yangu, ana fleshi yake anataka kuprinti mtihani wa kidato cha pili kwa dada mwenye steshenari tunayopakana ukuta, printa ya dada ikawa inasumbua akaniomba nimfungulie kwangu. Nikaichomeka. Mafolda yote yakawa shotikati. Nyie mliowahi kupatwa na hilo mnajua uso wa mtu unavyobadilika, jina la folda ni lilelile ila lina kimshale pembeni, ukibofya hamna kitu, au linafunguka dirisha jeusi linafunga. Mitihani mitatu, maksi za muhula mzima, na picha za mazishi ya mama yake. Mwalimu hakunigombeza, alikaa tu kwenye kiti cha plastiki akashika kichwa, na mie nilijua kabisa vairasi imetoka kwangu, wala sikuwa na neno la kumwambia.

Kulikuwa na kijana wa chuo amekuja likizo, anakaa pembeni na laptopu yake kuukuu. Akasema mjomba nipe hiyo fleshi. Akaichomeka kwake na mafolda yote yakatokea. Yote, yakiwa na vitu vyake ndani, na pembeni yake zile shotikati za uongo zimejipanga. Akamweleza mwalimu taratibu kwamba vairasi hii haikufuta kitu, imeyaficha mafolda halisi kwa alama ya kuficha ya Windows alafu ikaweka shotikati mahali pake, na yeye anatumia Linux ambayo ile alama haiijali, na kile kiprogramu cha vairasi kimeandikwa kwa ajili ya Windows kwaiyo kwake kimelala tu kama faili lingine. Akanakili mitihani, akaisafisha fleshi, akamrudishia. Ilichukua dakika kumi. Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikamfuata kijana kwao Makorora kabla hata hajanywa chai.

Swali langu la kwanza kwake lilikuwa lilelile la 2009, gemu je? Akacheka akasema mjomba umepitwa na mengi.

Na kweli nilikuwa nimepitwa. Ile Wine niliyoikimbia ilianza kuandikwa mwaka 1993 na ikafikia toleo la 1.0 Juni 2008, yani miaka 15 watu wanaandika tu kabla hawajathubutu kusema sasa iko tayari, na mie nilikutana nayo ndiyo kwanza imetoka. Kazi yake ni ukalimani. Gemu ya Windows ikifunguliwa inaanza kuomba vitu, nifungulie faili hili, nipe sauti, nichoree pembetatu hizi elfu kumi kwenye kioo, na inaomba kwa lugha ya Windows, sasa Wine inasimama katikati inapokea kila ombi na kulipeleka kwa Linux kwa lugha yake, alafu inarudisha jibu kama vile ni Windows iliyojibu. Shida kubwa ilikuwa kwenye picha, kwa sababu gemu nyingi zinachora kwa Direct3D, lugha ya kuchorea picha ya Microsoft, na ukalimani wa pale ulikuwa unachelewa. Akatokea jamaa anaitwa Philip Rebohle, alikuwa anataka kucheza gemu moja tu aliyoipenda na haikubali kwenye Linux, akakaa akaandika DXVK, mkalimani wa kutoka Direct3D kwenda Vulkan, lugha nyingine ya kuchorea ambayo Linux inaielewa, na Vulkan yenyewe ilikuwa ndiyo imetoka mwaka 2016. Kasi ikabadilika kabisa. Agosti 2018 kampuni ya Valve wenye duka la gemu la Steam wakachukua Wine, wakachukua DXVK, wakaviunga pamoja wakaita Proton na kuiweka ndani ya Steam kwa upande wa Linux, kwaiyo wewe mchezaji unabofya tu kucheza, ukalimani wote unafanyika ndani. Februari 2022 wakatoa Steam Deck, kimashine cha kushika mkononi, na ndani yake ni Linux. Oktoba 2025, mwezi uleule ambao makala yenu imeutaja kama mwezi wa msiba, takwimu za Steam zilionesha wachezaji wa Linux wamevuka asilimia 3. Utasema ni kidogo, ndiyo, lakini miaka kumi nyuma hata asilimia 1 ilikuwa shida.

Na kuna jambo hapa mwandishi wenu hakulijua. Zile prosesa za jenereshoni ya 6 na ya 7 ambazo Windows 11 imezikataa, kile kichoreo cha picha kilichomo ndani yake kinaiweza Vulkan vizuri kwenye Linux, dereva zake, yani programu za kukiendesha, zimo tayari ndani huziwindi popote. Simaanishi zitacheza gemu iliyotoka mwaka huu, hapana, hazina nguvu hiyo hata ungeweka nini, ila gemu za miaka ya 2005 mpaka 2013 hivi zinaenda bila wasiwasi. Mashine za nyuma zaidi, jenereshoni ya 4 kwenda chini, hizo Vulkan yake haijakamilika au haipo kabisa, kwaiyo DXVK mpya inazikataa, unarudi kwenye njia ya zamani ya Wine. Nasema haya ili mtu asije akakurupuka alafu akanilaumu.

Sasa nije kwenye banda, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Nilipoanza kubadilisha mashine yule kijana aliniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, akasema mjomba leseni za gemu zako zinasemaje kuhusu kukodisha? Nikamwambia leseni gani. Tukakaa tukasoma. Gemu unayoinunua, hata ukiinunua kihalali kabisa kwa hela yako, mara nyingi umepewa ruhusa ya kucheza wewe binafsi, siyo kuweka bandani watoto walipie jero jero. Kwaiyo hata ningeacha kraki nikanunua zote bado ningekuwa sipo sawa. Lakini gemu za programu huria, hizi ambazo sosi kodi yake, yani maandishi yaliyoijenga programu, ipo wazi, zikiwa na leseni ya GPL zinakuruhusu kuzitumia kwa kazi yoyote ile, ikiwemo biashara, kuzinakili kwenye mashine zote nane, kumpa mteja akaenda nazo nyumbani kwenye fleshi yake, hata kuzibadilisha. Hii leseni imetoka kwa Richard Stallman aliyeanza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo huria wa kompyuta, mwaka 1983, na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, alipoanza Linux mwaka 1991 haikupita mwaka mmoja akaiweka chini ya leseni hiyohiyo. Mie nimefanya biashara ya gemu miaka mingi na siku ile ndiyo mara ya kwanza nimekaa bandani kwangu nikiwa sina cha kuficha. Mtu wa pwani aliyelelewa kuambiwa tofauti ya halali na haramu toka madrasa atanielewa.

Kwaiyo sasa bandani kuna SuperTuxKart, magari, watu wanne kwenye mashine moja na padi zao au mashine zote nane zikiunganishwa kwa waya. Watoto wanaipenda mno. Kuna pengwini, kuna nyani, kuna mnyama mwenye pua nyeusi kama mbweha, na hawajui kwamba kila mmoja ni nembo ya programu huria fulani, pengwini ni Tux wa Linux, nyani ni Suzanne wa Blender, yule wa pua ni Wilber wa GIMP, nami huwa nawaambia huyu unayemwendesha ndiye aliyesafisha picha ya dada yako pale ukutani, wanashangaa. Kuna Xonotic ya kupigana risasi kwa wakubwa. Kuna 0 A.D. ya kujenga dola za kale, humo wamo Wakushi wa mto Nile na piramidi zao, na kijana mmoja wa Mikanjuni hachagui taifa lingine hata umlipe. Mpira bado unanishinda, nakiri, hamna gemu huria ya mpira ambayo naweza kumweka mbele yake kijana anayetoka uwanja wa Mkwakwani kuangalia Coastal Union na koo limekauka kwa kushangilia, hilo sijalipatia dawa. Zile za kununua za Steam nacheza mie nyumbani usiku, nazidaunlodi kwa bando la usiku.

Nataka niwaoneshe kitu kimoja kwa karibu. Kuna gemu inaitwa Battle for Wesnoth, ya zamu zamu kama bao, unasogeza askari kwenye ramani, ilianzishwa mwaka 2003 na David White na mpaka leo watu wanaijenga bure. Kuna mtoto mmoja yupo kidato cha kwanza, mpole, hana hela mara nyingi, anakuja anaangalia wenzie tu. Siku moja akaniuliza mjomba kwa nini mpiga mkuki wangu anakufa haraka. Nikamwambia njoo. Nikamfungulia folda la gemu nikamtafutia faili la mpiga mkuki, ni maandishi tu, yanasomeka kama daftari, kuna mstari umeandikwa hitpoints=36. Nikamwambia hiyo ndiyo roho yake. Akaniangalia mie, akaangalia kioo, akaongeza sifuri mwishoni mwa 36, tukahifadhi, tukafungua gemu upya, na mpiga mkuki akasimama na roho 360. Mtoto alinyanyuka kwenye kiti. Hakupiga kelele, alinyanyuka tu akashika mdomo. Alafu akataka kucheza na mwenzie kwenye mashine ya pili na gemu ikaanza kulalamika, ikasema mashine mbili hazikubaliani, maana huku mpiga mkuki ana 360 kule ana 36. Sikumwambia dawa, nilimwacha. Akakaa kama nusu saa, akaja akasema mjomba nadhani faili inabidi ifanane kote. Akainakili kwa fleshi akapeleka, ikakubali. Mie nimesoma mpaka darasa la saba tu Mhariri, hakuna mtu aliyewahi kunifungulia kitu chochote nikaona ndani yake kunavyofanya kazi, na nilikuwa na umri kama wake nilipoanza kushinda kwenye mabanda ya gemu nikilipa hela nisijue chochote.

Kwenye kraki hilo haliwezekani. Umepewa boksi limefungwa na aliyevunja kufuli kaweka mdudu wake ndani.

Dada wa steshenari naye amehamia. Alikuja kwa kulazimika, ile printa yake iliyokuwa inasumbua ikakubali kwenye Linux Mint, aina nyingine ya Linux, bila CD ya dereva, akasema kaka basi niwekee na mie. Sasa anaandika kwa LibreOffice, kadi za harusi anachora kwa Inkscape, picha za pasipoti anasafisha kwa GIMP. Miezi miwili ya kwanza alininunia, kweli, vitufe vipo mahali pengine, na faili za Word za wateja zikifunguliwa LibreOffice wakati mwingine mistari inahama, jedwali linavunjika, na mteja amesimama hapo ana haraka. Dawa yake nyingi ni fonti, ukiweka fonti zile wateja wanazotumia mambo yanatulia, siyo yote ila mengi. Leo ukimwambia arudi hataki.

Yale ambayo hayakubali lazima niyaseme maana sitaki mtu adanganyike kwa barua yangu. Gemu kubwa za kushindana mtandaoni zenye ulinzi wa kuzuia wachezaji wadanganyifu unaozama mpaka ndani kabisa ya Windows hazichezeki, Valorant haichezeki, Fortnite haichezeki, na Apex Legends ilikuwa inacheza wenyewe wakafunga mlango kwa watu wa Linux mwaka 2024. Tatizo hapo mara nyingi siyo Wine kushindwa, ni wenye gemu kuamua, maana ulinzi mwingine kama Easy Anti-Cheat na BattlEye unakubali Proton toka 2021 kama mwenye gemu akiruhusu. Mwenye kuzipenda hizo abaki alipo. Na ukiinstoli Linux bila kutoa vitu vyako kwanza ukabofya futa diski, vitu vimekwenda, hakuna wa kumlaumu, toa kopi kwanza.

Watu wengine huniambia hivi vitu vya bure haviwezi kuwa na ubora, cha bure ni cha bure. Nawajibu kwa mambo wanayoyajua. VLC unayoangalizia muvi kila siku ni programu huria. PPSSPP ambayo nusu ya vijana wa mji huu wanachezea gemu kwenye simu ni programu huria, na simu yenyewe kama ni Android basi ndani kabisa ni Linux, umeitembeza mfukoni miaka yote. Alafu nawasimulia ya Blender, hii huwa inawaingia watu wa Tanga kuliko zote. Blender ni programu ya kutengeneza katuni na picha za gemu, kampuni iliyokuwa nayo ikafungwa, wenye mtaji wakasema tukilipwa euro 100,000 tunaiachia sosi kodi iwe ya watu wote. Mwaka 2002 Ton Roosendaal aliyeianzisha akapitisha mchango dunia nzima, kama tunavyopitisha michango ya harusi hapa, na kwa wiki 7 hela ikatimia. Toka siku ile ni ya wote. Filamu ya katuni kutoka Latvia iliyochukua Oscar mwaka 2025 imetengenezwa kwa hiyohiyo Blender, na mie ninayo hapa Ngamiani kwenye CPU ya mtumba, sijalipa hata senti tano na sijamwibia mtu.

Sasa Mhariri ninachowaomba. Kwanza muandike tena kuhusu Windows 10 na safari hii mwambieni msomaji kwamba mashine yake inaweza kuishi miaka mingine, na ajaribu bila hofu maana Linux Mint unaiwasha moja kwa moja kutoka kwenye fleshi ukaitazama siku nzima kabla hujagusa diski. Pili kuna maofisi na mashule yanatupa CPU sasa hivi, nimeziona kwa macho yangu zimepangwa kwenye korido ya shule moja zinasubiri kufutwa kwenye daftari la mali, zipo kama kumi na tano, jenereshoni ya 6 zile, na shule hiyohiyo watoto wanasoma kompyuta ubaoni kwa chaki. Nimeenda mara mbili kuomba niwawekee Linux bure, natoa siku yangu ya Jumapili bila kuidai shule chochote, nikaambiwa niandike barua, nimeandika, sijajibiwa. Nyie mkiuliza mtajibiwa, gazeti lina sauti kuliko mwenye banda. Wenzangu wenye mabanda hapa Tanga, wa Chumbageni na Sahare na Msambweni, mtu akitaka aje na fleshi ya GB 8 asubuhi kabla ya saa nne, nitampa mfumo na gemu zote na kumwonesha, leseni inaniruhusu na mie napenda.

Na la mwisho nawaomba wasomaji wenyewe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili, na waliweza kwa sababu sosi kodi ilikuwa wazi, hawakuhitaji kumpigia magoti mtu. Yule mtoto wa mpiga mkuki nilimsimulia hilo na toka siku ile ana daftari la kurasa mia moja anaandika majina ya askari wote wa Wesnoth kwa Kiswahili, amefika kama arobaini, na mie huyu wa darasa la saba ndiye msahihishaji wake. Sasa tumekwama. Kuna mtu kwenye gemu ana fimbo, anapiga kwa nguvu za ajabu, akipanda ngazi anavaa nyeupe na anaponya wenzake waliojeruhiwa. Upande wa pili kuna mwingine anayetembea na mizuka. Mtoto wa kwanza alimwandika mchawi, nikamwambia hapana, mchawi haponyi mtu, tukaweka mganga, lakini mganga harushi moto akaunguza adui, na mzee mmoja kijiweni amesema hakuna kati ya hayo, wa kwanza aitwe sahiri, wengine wamekataa wakasema sahiri ndiyo mchawi yuleyule kwa Kiarabu. Wajuzi wa lugha wanaosoma gazeti hili naomba mtusaidie neno, lile la pili tumeliacha wazi pia, nafasi mbili kwenye daftari ukurasa wa 23 hazina kitu.

Ni mie mwenye banda la gemu,
Ngamiani, Tanga.